Viberiti vya thamani: Mnunuzi aangalie kitako, si nembo

MFANYABIASHARA anayeletewa kiberiti cha Zippo, Dunhill au S.T. Dupont kwa nusu ya bei ya dukani huwa na swali moja tu kichwani: Je, ni chenyewe? Bahati mbaya, wengi hutafuta jibu mahali ambapo halipo. Hukitazama kwa mbele, huona jina limeandikwa vizuri, hukipima kidogo mkononi, kisha hutoa fedha.

Jina ndilo kitu rahisi kuliko vyote kunakili. Mwenye mashine ya kuchonga chuma huweza kuandika jina lolote juu ya kiberiti chochote. Kinachomshinda ni kulinganisha mambo yote kwa pamoja: alama za kitako, sehemu ya ndani, bawaba, uzito na umri unaodaiwa. Hapo ndipo bidhaa bandia hujikanyaga.

Kwa anayenunua ili auze tena, suala hili ni zito zaidi. Huyo hanunui chuma wala moto. Ananunua uwezekano wa mtu mwingine kuamini, kesho na keshokutwa, kwamba bidhaa ni halisi. Uwezekano huo ukikosekana, mtaji umekwenda.

BIASHARA YENYEWE SI NDOGO

Wako wanaodhani viberiti ni mchezo wa wavuta sigara. Historia inaonyesha vingine. Mwaka 1968 Robert Hocq, mtengenezaji wa viberiti wa Ufaransa, alipata kibali cha kutengeneza kiberiti cha kifahari kwa jina la Cartier. Mwaka 1972 yeye na kundi la wawekezaji walichukua Cartier ya Paris yenyewe. Mtu aliyeingia kwa mlango wa viberiti aliishia kuongoza mojawapo ya nyumba kubwa za vito duniani.

S.T. Dupont nayo ilianzishwa mwaka 1872 ikitengeneza bidhaa za ngozi, ikatoa kiberiti chake cha kwanza cha kifahari mwaka 1941 na cha gesi mwaka 1952. Mwaka 1987 ilinunuliwa na kampuni ya mfanyabiashara wa Hong Kong, Dickson Poon. Kiberiti chake cha Ligne 2, kilichoingia sokoni mwaka 1977, leo kikiwa kipya hufikia dola za Marekani 1,000 na zaidi. Zippo ya kawaida ni ya bei ya chini sana, lakini za zamani zina wakusanyaji wanaozilipia mara nyingi ya bei yake ya awali. Zippo za kwanza, mwaka 1933, ziliuzwa dola 1.95.

Palipo na tofauti kubwa hivyo kati ya gharama ya chuma na bei ya jina, wa kunakili hawakosekani.

KITAKO CHA ZIPPO KINASEMA MENGI

Zippo ndiyo shule nzuri kwa anayeanza, kwa sababu kiwanda chake cha Bradford, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kimekuwa kikiandika tarehe kwenye kitako cha kila kiberiti kwa mfumo unaojulikana wazi.

Kuanzia mwaka 1958 hadi 1965 zilitumika nukta. Kuanzia 1966 ilitumika mistari iliyosimama wima: minne kila upande wa jina mwaka 1966, ikawa inapungua mmoja mmoja mwaka hadi mwaka, hata ukabaki mmoja tu mwaka 1973. Mwaka 1974 mistari ikalazwa kuelekea kulia, na mwaka 1982 ikalazwa kuelekea kushoto.

Katikati ya mwaka 1986 mfumo ulibadilika. Mwezi ukaanza kuandikwa kwa herufi, A ikiwa Januari na L ikiwa Desemba, na mwaka kwa tarakimu za Kirumi. Mwaka 1986 ni II, 1987 ni III, hadi 2000 ambao ni XVI. Tangu mwaka 2001 zinatumika tarakimu mbili za kawaida za mwaka. Kwa hiyo kitako chenye herufi C upande mmoja na 08 upande wa pili ni cha Machi 2008.

Mnunuzi akishajua hayo, maswali yanakuwa mepesi. Muuzaji anasema kiberiti ni cha baba yake wa miaka ya 1970, lakini kitako kina herufi na tarakimu za Kirumi: hadithi imekwisha. Kitako hakina alama yoyote ya tarehe, na kiberiti kinasemwa kuwa kipya: mnunuzi arudishe fedha mfukoni.

Baada ya kitako, atoe sehemu ya ndani. Katika Zippo za kawaida za leo, kikingio cha upepo kina matundu manane kila upande, yaliyotobolewa safi bila kingo za kukwaruza. Sehemu ya ndani nayo ina maandishi na tarehe yake. Gurudumu la kusugua jiwe huzunguka bila kukwama, kifuniko hufungwa bila kuyumba, na bawaba huwa imekaa sawasawa na ganda. Katika nyingi za bandia, bawaba hulegea mapema, matundu huwa na mabaki ya chuma, na maandishi ya kitako huwa na kina kisicho sawa.

Hapa pana tahadhari. Tarehe ya ganda na ya sehemu ya ndani zikitofautiana sana, hiyo peke yake haina maana kwamba kiberiti ni bandia. Zippo hutengeneza bure ubovu wa kiufundi wa viberiti vyake, hata vya miaka mingi, na mara nyingi sehemu ya ndani hubadilishwa. Kwa mtumiaji hilo halina hasara. Kwa mkusanyaji, kiberiti chenye sehemu ya ndani isiyo ya asili ni halisi lakini bei yake ni ndogo. Mnunuzi asilipe bei ya kamili kwa kilichochanganywa.

FUNZO LA VIETNAM

Hakuna soko linaloonyesha jambo hili vizuri kama lile la Zippo za vita ya Vietnam. Askari wa Marekani walizinunua kwa wingi, kisha wakawapa mafundi wa mitaani wazichonge majina, mwaka, kituo na maneno ya ucheshi au uchungu. Baada ya vita, viberiti hivyo vikawa kumbukumbu zenye bei. Marekani ilipoondoa vikwazo vya biashara dhidi ya Vietnam mwezi Februari 1994 na wageni wakaongezeka, meza za masoko ya Saigon zilijaa "Zippo za askari" kuliko ambavyo askari wangeweza kuacha.

Nyingi zilikuwa nakala zilizozeeshwa kwa makusudi. Kwa hizo, mistari ya kitako husaidia sana. Kiberiti kilichochongwa "1968" kikiwa na mistari iliyolala kuelekea kulia hakiwezi kuwa cha vita hiyo mwaka huo, kwa kuwa mistari hiyo ilianza mwaka 1974, baada ya askari wa Marekani kuondoka.

Lakini zilikuwepo pia zile za hatari zaidi: Zippo halisi, ya mwaka unaokubalika, ambayo maandishi yake yalichongwa miaka mingi baadaye. Kitako ni cha kweli, sehemu ya ndani ni ya kweli, uongo uko kwenye hadithi tu. Hapo utaalamu wa tarehe haumsaidii mtu.

Kanuni inayofaa ni moja. Mnunuzi alipie kiberiti, asilipie hadithi. Kama hakuna barua, picha au karatasi inayomfunga mmiliki wa kwanza na kiberiti hicho, maandishi yahesabiwe kuwa na thamani ya sifuri. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika soko la vitu vya kale, mali bila daftari pia huongezewa habari isiyokuwa yake.

NAMBA ISIYOTHIBITISHA KITU

Mtego mwingine uko kwenye Dunhill ya Rollagas, kiberiti cha gesi kilichoingia sokoni mwaka 1956. Chini yake huonekana maandishi "US.RE24163". Wauzaji wengi humwonyesha mteja maandishi hayo kama namba ya pekee ya kiberiti hicho, wakidai kwamba ni uthibitisho.

Hiyo ni namba ya hataza ya Marekani, yaani haki ya uvumbuzi. Imechongwa ileile kwenye Rollagas moja baada ya nyingine, na kwa hiyo mwenye kunakili ameinakili pamoja na mengine. Kuiona hakuthibitishi uhalisi. Muuzaji anayeiita "namba ya pekee" ama hajui anachouza, ama anajua sana. Katika hali zote mbili, mnunuzi ana sababu ya kupunguza kasi.

Kwa Rollagas, ushahidi uko kwenye kazi ya mkono: michoro ya ganda iliyonyooka hadi kwenye kingo, maandishi ya kitako yaliyo makali na yenye nafasi sawa, na rola inayozunguka laini.

UZITO NA SAUTI YA DUPONT

Dupont ina sifa ya sauti. Kifuniko cha Ligne 2 kikifunguliwa hulia kama kengele ndogo, na sauti hiyo imekuwa sehemu ya bei. Waigaji wanalijua hilo na hujitahidi kuitoa. Aidha, si kila modeli ya Dupont inalia namna hiyo, hivyo ukimya peke yake haumhukumu muuzaji.

La kutegemewa zaidi ni mwili. Ganda la Dupont limechongwa kwenye shaba ya manjano, hivyo kiberiti huwa kizito kuliko ukubwa wake. Kama kimepakwa laka, utomvu wa mti unaowekwa tabaka juu ya tabaka, rangi huwa na kina na haina mapovu wala michirizi karibu na kingo. Kitakoni kuna namba ya utambulisho na maneno ya kuonyesha kimetengenezwa Ufaransa. Namba ya kitako ilingane na ya karatasi zake, kama karatasi zipo. Boksi zuri lisimtie mtu moyo sana, kwa kuwa boksi ni rahisi kutengeneza kuliko kiberiti.

HESABU YA MWEKEZAJI MDOGO

Chukua mfano wa mfanyabiashara anayenunua viberiti 10 vya zamani kwa dola 100 kila kimoja, akitarajia kuviuza dola 130. Mtaji ni dola 1,000, mauzo yanayotarajiwa ni dola 1,300, faida ni dola 300. Kama viwili ni bandia na havikuuzika, mauzo yanashuka hadi dola 1,040 na faida inabaki dola 40, ambayo haitoshi hata nauli. Vikiwa vitatu, mauzo ni dola 910 na tayari amekula dola 90 za mtaji.

Maana yake ni kwamba katika biashara hii kosa moja hula faida ya manunuzi kadhaa mazuri. Mwenye mtaji mdogo hawezi kujifariji kwamba "vingine vitafidia". Ni heri anunue vitatu alivyovichunguza kuliko kumi alivyovibeba kwa jumla kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Rahisi ghali, na mahali pengine huwa ghali mara mbili.

Wako watakaosema dawa ya mfanyabiashara aliyeuziwa bandia ni kumuuzia mwingine haraka. Dawa hiyo ni sumu. Tanzania ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), na Kenya ilitunga sheria yake ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008. Mwenye duka asitegemee kwamba neno "nami niliuziwa" litamwokoa shehena ikikamatwa. Na kabla sheria haijafika, wateja huwa wameshaambizana.

Wala hakuna sababu ya kudharau viberiti vya bei nafuu. Mji wa Wenzhou nchini China ulikuwa kitovu kikubwa cha viberiti vya chuma kutokana na karakana ndogo za watu binafsi, na vingi vinauzwa kwa majina yake yenyewe. Kiberiti cha namna hiyo, kikiuzwa kwa jina lake na bei yake, ni biashara halali inayomfaa mlaji. Ubaya huanza pale kinapovalishwa jina la Paris au London ili bei ipande mara kumi.

Kabla ya kutoa fedha, basi, mnunuzi aulize jambo moja: kiberiti hiki kikiharibika, kiwanda kilichoandikwa hapa kitakitambua kuwa ni chake? Muuzaji wa kweli hataudhika akiombwa siku mbili za uchunguzi, picha ya kitako na risiti yenye maelezo kamili ya bidhaa. Anayesema mteja mwingine yuko njiani na fedha taslimu, aachiwe huyo mteja mwingine.