UNYUNYU WA KIZEE? MASELA WA MWANDIGA ACHENI HIZO!

Jamaa mmoja wa Mwandiga anachekwa kijiweni kisa tu anapiga Old Spice, eti "ananuka babu". Hebu tulieni! Unyunyu huo wa wanaume ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1938, na ule uzito wake una harufu ya karafuu, kiungo kilekile kinachoanikwa Pemba. Anayecheka kajimwagia chupa feki yenye jina la Paris. Daladala haijafika Kigoma mjini, harufu imeshakata! Kama jamaa anazidisha, aambiwe apunguze, matone mawili yanatosha. Lakini ndivyo alivyonukia marehemu baba yake. Kijana anayeona aibu kunukia kama mzee wake, anataka kunukia kama nani? Wadau mnasemaje?