Mastaa, acheni kuwapiga madogo na vigitaa vyenu vya pinki

Kuna dada mmoja mjini hapa, jina nalihifadhi maana mnamjua wenyewe, siku hizi kila ukifungua Instagram yumo. Kakaa kitandani, kucha ndefu, kashika kigitaa cha pinki, anawaambia wafuasi wake hii ndiyo gitalele, elfu sabini tu, wiki mbili unapiga nyimbo zote. Kwa kucha zile hawezi kubonyeza hata uzi mmoja, ila hilo tuliache. Halafu kuna kaka mmoja wa Bongo Fleva kamjibu kwa nyodo kwamba kama hujafika milioni hujanunua gitaa, umenunua toi.

Wote wawili wanatupiga.

Tuelewane kwanza. Gitalele ni mtoto wa gitaa na ukulele. Umbo dogo la ukulele, nyuzi sita za gitaa. Ile ya Yamaha inayojulikana sana, GL1, urefu wa uzi wake ni sentimita 43, wakati gitaa kubwa la nyuzi za nailoni lina kama 65. Kwa sababu uzi ni mfupi inatuniwa juu: A D G C E A, sio E A D G B E. Maana yake ukishika shepu ya G, inatoka C. Sasa dogo wa Mbagala kadunduliza hela miezi mitatu, kanunua, kafungua somo YouTube, anafuata vidole vilevile na kinachotoka hakifanani kabisa. Akijaribu kushusha hadi E, nyuzi zinalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Dada wa pinki hilo hajaligusa. Analijua? Sidhani.

Tuje kwenye bei. GL1 kule Marekani inauzwa kama dola 100, hapo bado usafiri na ushuru. Tofauti yake na cha elfu sabini haiko kwenye rangi wala kung'aa, iko kwenye freti na vile vifunguo vya kukazia nyuzi. Freti ya 12 inatakiwa ikae katikati ya uzi. Ikikosewa milimita mbili, kwenye uzi mfupi kosa linasikika zaidi kuliko kwenye gitaa kubwa, na kodi zote za juu (za muziki, sio za mwenye nyumba) zinapinda. Dogo anatuni, anapiga, inalia ovyo. Anatuni tena. Mwezi ukiisha anakitundika ukutani na kusema mimi kipaji sina. Kumbe sikio lake ni zima kuliko hicho kigitaa, ndiyo maana kilikuwa kinamkera! Hilo ndilo linaloniuma, sio elfu sabini.

Na wewe kaka wa milioni, nawe tulia. Najua Cordoba Mini M ina uzi wa sentimita 51 na uso wa mbao moja nzima, sio plaiwudi, inalia vizuri. Lakini anayeanza haitaji hiyo, anahitaji kitu kinachokaa kwenye tuni. Pale Sinza kuna Kwa Remmy, kwa ajili ya Remmy Ongala. Nani anakumbuka gitaa lake lilikuwa la shilingi ngapi?

Ukienda Kariakoo usinunue kwa picha. Weka programu ya kutuni kwenye simu, zipo za bure. Piga uzi wazi, kisha ubonyeze freti ya 12 upige tena. Isomeke herufi ileile na mshale ukae palepale. Fanya kwa nyuzi zote sita. Mshale ukikimbia, rudisha. Muuzaji akikukatalia kujaribu, toka dukani. Na ukikuta wamefunga nyuzi za chuma kwenye chombo cha nailoni, achana nacho, kile kibao cha chini kinachoshika nyuzi kitang'oka siku moja.

Kama hela yako haifiki kwenye gitalele iliyokaa sawa, mimi ningechukua gitaa kubwa la mtumba la nailoni, hata likiwa na mikwaruzo, ila nalo lipime vilevile.

Na mwenye gitalele akitaka kupiga na mshikaji mwenye gitaa kubwa, huyo wa gitaa afunge kepo freti ya 5. Hapo mkishika shepu moja mnatoa sauti moja.