Mwendo tuliouuza kwa bodaboda

Muulize karani yeyote wa Malindi kwa nini hafanyi mazoezi, atakwambia hana wakati, au hana hamu. Hasemi uongo. Kinachomponza ni kuamini kwamba mazoezi ni shughuli ya peke yake, yenye saa yake, viatu vyake na ukumbi wake wa kulipia. Uchunguzi wa kitaifa wa afya, STEPS, wa mwaka 2015 ulikuta Wakenya wazima wasiofikia kiwango cha chini cha kuushughulisha mwili ni asilimia 6.5 tu, na sidhani waliobaki walikuwa wapenzi wa mazoezi. Jembe, ndoo na safari za miguu ndizo zilizowafikisha hapo. Mama wa Ganze anayetembea kutafuta maji hahitaji kuhimizwa na mtu, anahitaji bomba. Lakini mwanawe akiacha shamba akaja mjini kukaa nyuma ya kaunta, mwendo wake wote unakatika kwa mpigo, maana ulikuwa ndani ya kazi na hakuwa na mwingine. Uchunguzi huohuo ulikuta karibu robo ya watu wazima wana shinikizo la damu, na asilimia 27 wana uzito uliopita kiasi. Chumvi na mafuta yana sehemu yao katika hesabu hiyo, lakini kukaa nako kuna yake.

Basi wakati utoke wapi? Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, kama kutembea kwa haraka, na likaondoa sharti la zamani kwamba kila kipande kisipungue dakika 10. Robo saa kwenda kazini na robo saa kurudi, siku tano, ni dakika 150 kamili. Safari nyingi tunazolipia bodaboda na tuktuk kati ya Shela na Barabara ya Lamu hapa Malindi ni za kiasi hicho, na anayeishi Mnarani akafanya kazi Kilifi mjini ana daraja tangu 1991. Hamu nayo haina nafasi hapa, kwa kuwa anayetakiwa kazini hajiulizi kama anajisikia kwenda. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alichapisha matokeo ya kuwalinganisha wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London: makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, waliugua moyo kidogo kuliko madereva waliokaa. Walikuwa wakikata tiketi tu, wala hakuna aliyewapa ratiba ya mazoezi. Utingo wa matatu zetu wangemwelewa.

Watu watasema jua la kaskazi halitembeleki. Kweli, saa saba mchana halitembeleki. Lakini huku kwetu karibu na ikweta kunapambazuka mnamo saa kumi na mbili mwaka mzima, na walioamka kwa sala ya alfajiri wanaipata baridi yote ya asubuhi. Mwanamke anayeona haya kukimbia ufukoni mbele ya macho ya watu haulizwi neno akienda sokoni na buibui lake. Pingamizi zito zaidi halisemwi kwa sauti: mwenye mshahara akionekana kwa miguu, watu hudhani ameishiwa. Hiyo ni jeuri ya mjini, na mzigo wa kuivunja ni wa wakubwa wa ofisi kabla ya makarani. Na bodaboda atakula nini? Wagonjwa, mizigo, mvua na usiku havijaisha.

Pingamizi nisiloweza kulipuuza ni la barabara. Anayetembea kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi anagawana ukingo na pikipiki, na jioni anagawana giza. Kumwambia mtu atembee hapo bila kumpa njia ni kumtuma ajalini. Katiba ya 2010 imezipa kaunti barabara zake na taa za mitaani. Barabara kuu ni ya serikali ya taifa, lakini kaunti ina mdomo wa kuidai. Wakazi wa Kilifi watakapoitwa tena kutoa maoni kuhusu bajeti, njia ya miguu yenye taa na miarobaini ya kivuli, kutoka makazi hadi soko na hospitali, idaiwe kama matumizi ya afya, na idaiwe kabla ya ukumbi wowote wa mazoezi.