Mawaidha kwa Vijana: Bilali wa Bahia



Ndugu zetu wasomaji, mwezi uliopita wavulana wawili waligombana chuoni kwetu kwa ajili ya kalamu. Ugomvi wa watoto ni jambo la kila siku, nasi hatukuushughulikia, mpaka mmoja wao alipomwambia mwenziwe, "Wewe mtoto wa mtumwa, huna haki ya kunijibu." Aliyeambiwa hakulia wala hakupiga. Alitia juzuu yake mfukoni, akavaa viatu, akaenda zake, na kwa siku tatu hakuonekana. Tulipomwuliza aliyesema neno lile amelipata wapi, alijibu bila ya kuficha kuwa amelisikia kwao.

Katika Unguja na Pemba sheria iliuondoa utumwa mwaka 1897, na katika mwambao wa Kenya mwaka 1907. Soko limekwisha, minyororo imekwisha, lakini neno limebaki katika vinywa vya watu wazima, na watoto wanalirithi. Basi mwezi huu tumeona ni kheri tuwasimulie vijana wetu khabari ya Waislamu waliokuwa watumwa, wakaupiga vita utumwa kwa mikono yao wenyewe. Khabari hii haikutokea hapa petu. Ilitokea Brazil, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki.

Mwaka 1835 mji wa Salvador, ulio mkubwa katika jimbo la Bahia, ulikuwa na watu kiasi cha 65,000, na katika kila watu kumi wapatao wanne walikuwa watumwa. Wengi walichukuliwa Afrika ya Magharibi. Walikuwamo Wayoruba, ambao huko waliitwa Nagô, na Wahausa. Sheria ya mwaka 1831 ilikwisha kataza kuingiza watumwa wapya Brazil, lakini sheria ilikaa katika karatasi na merikebu zikaendelea kushusha watu. Waislamu miongoni mwao waliitwa Malê, jina litokalo katika neno la Kiyoruba la kumwita Mwislamu. Mchana walichukua mizigo, au waliwabeba matajiri mabegani katika viti, na ujira wakampelekea bwana. Usiku walikutana katika vyumba vya kupanga, wakafundishana kusoma na kuandika kwa mbao, kama walivyosoma wazee wetu.

Mmoja wa walimu wao alikuwa mzee aitwaye Pacífico Licutan, naye jina lake la Kiislamu lilikuwa Bilali. Kazi yake ilikuwa kusokota tumbaku. Bwana wake, daktari, alikuwa akidaiwa na mapadri. Basi mwezi wa Novemba 1834 Licutan akatiwa gerezani, si kwa kosa alilolifanya, bali kama ashikwavyo ng'ombe wa mdaiwa, angoje kupigwa mnada. Waislamu wenziwe walichanga fedha mara mbili wamnunulie uhuru wake, na mara mbili bwana wake alikataa kumwuza.

Hapa tunawaomba vijana wafikiri kidogo. Waliochanga walikuwa watu ambao wengi wao hata nafsi zao hawakuzimiliki. Kila mmoja alikuwa na haja ya kujikomboa mwenyewe, na juu ya hayo walitoa. Sayyidna Abubakar, Mwenyezi Mungu amridhie, alimnunua Bilali wa Makka akamwacha huru, na Suratul Balad inatufundisha kwamba kumwacha mtumwa huru ni katika ile njia nzito ya kupanda. Watu wa Bahia waliijua njia hiyo na walitaka kuipanda, wakafungiwa mlango.

Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 25 Januari 1835, katika kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 1250, waliinuka. Walichagua siku ya sikukuu ya Wakristo, ambapo wakubwa wengi walikuwa wamekwenda Bonfim, mbali na kati ya mji. Mpango ulikuwa kuanza alfajiri, wakati watumwa wanapotoka kuteka maji. Lakini siri ilitoka, na askari wakaja usiku katika nyumba ya mzee mmoja aliyekwisha kuwa huru, Manoel Calafate, ambamo watu kiasi cha 60 walikuwa wamekusanyika. Wakatoka kwa ghafula wakiwa wamevaa kanzu nyeupe, na mikononi wana panga, mikuki na bastola chache. Wakaliendea gereza, wapate kumtoa mwalimu wao. Hawakuweza, risasi ziliwajia pande mbili. Wakapigana njia kwa njia mpaka Água de Meninos, penye kambi ya askari wa farasi, na hapo wakavunjwa. Waliopigana wanakadiriwa kuwa 600, na zaidi ya 70 walikufa, baadhi yao baharini wakijaribu kuogelea.

Kisha ikaja adhabu. Wengi walipigwa viboko kwa mamia, wengine wakafungwa, na wengine waliokuwa huru wakafukuzwa nchini na kupelekwa Afrika. Wanne waliuawa tarehe 14 Mei 1835. Hakupatikana mtu aliyekubali kazi ya kunyonga, basi wakapigwa risasi. Licutan, ambaye usiku ule wote alikuwa ndani ya gereza, alihukumiwa viboko 1,200. Alipoulizwa jina lake alisema ni Bilali. Hakimu akashikilia kuwa jina lake ni Licutan. Mzee akajibu kuwa ni kweli anaitwa hivyo, lakini aweza kujiita jina alitakalo.

Karatasi zilizokutwa kwao zingalipo mpaka leo katika nyumba ya hifadhi ya nyaraka ya Bahia. Zimo zenye aya za Qur'ani, na zimo za mwanafunzi aliyekuwa akijifunza tu kuandika, akirudia na kurudia. Sisi ambao kazi yetu ni kusahihisha mwandiko wa watoto tunaijua karatasi ya namna hiyo.

Tarehe 13 Mei 1835 Bahia ilitoa sheria ya kuwabana Waafrika waliokombolewa, wasiweze kuwa na nyumba zao. Utumwa wa Brazil ulivunjwa tarehe 13 Mei 1888, miaka 53 baadaye, siku kwa siku.

Wako watakaouliza, Je, walifanya vema kushika silaha? Sisi hatupendi damu. Lakini aliyetoa fedha mara mbili na akarudishwa mara mbili, hatuwezi kumwambia kwamba hakujaribu njia ya amani.

Hata hivyo hatutaki kuwasifu mpaka tukaficha jambo. Watumwa waliozaliwa Brazil hawakuwa pamoja nao. Walioinuka walikuwa wazalia wa Afrika. Tena katika ushahidi uliotolewa mbele ya mahakimu yamo maneno kwamba baadhi yao walikusudia kuwafanya machotara watumwa wao wakishinda. Kama ni kweli, basi hata aliyeonja utumwa aweza kutamani kuwa bwana.

Wala tusijidanganye kwamba dhambi hii ni ya Wareno na watu wa Brazil peke yao. Katika mwambao wetu wengi wa wenye mashamba ya karafuu walikuwa Waislamu. Watumwa wao wengi walisilimu, wakasali safu moja na mabwana zao, kisha wakarudi kushika jembe. Wao hawakutuachia aibu yoyote. Aibu ni ya aliyemweka Mwislamu mwenziwe sokoni, na leo ni ya anayelihifadhi neno lile nyumbani kwake kama amana.

Siku ya nne tulikwenda kwa wazee wa yule kijana. Mama yake alitukaribisha, akasema, "Maalim, neno hilo niliambiwa mimi nilipokuwa na umri wake. Nilidhani limekwisha." Hatukuwa na jawabu ila kumwomba radhi. Kijana amerudi chuoni, na aliyemtukana amemwomba msamaha mbele ya wenziwe. Lakini baba yake, aliyemfundisha, bado hajaomba.

Enyi wazazi, anzeni nyumbani. Mwenyezi Mungu azitakase ndimi zetu, na awarehemu waliokufa wakitafuta uhuru wao. Amin.