Zuio Si Hukumu



Jumapili moja baada ya Misa mzee mmoja wa hapa Iguguno alinifuata katika ofisi ya parokia, uso umejaa furaha. Mkononi ana karatasi ya mahakama ya wilaya. "Mwanangu, nimeshinda kesi," akasema. "Nisomee, kisha nimwite mnunuzi mwingine aje kuchukua matofali."

Mzee huyu alipatana na kontrakta kumwuzia matofali ya kuchoma ya kujengea maduka. Waliandikiana kwamba matofali ni ya mzee mpaka fedha yote ilipwe. Kontrakta akalipa nusu, kisha akaanza kuyapakia ayapeleke kwingine. Mzee akakimbilia mahakamani.

Nikaisoma karatasi mara mbili. Haikusema mzee ameshinda. Ilisema matofali yakae yalipo, pande zote mbili zisiyaguse, mpaka siku ya kusikilizwa. "Baba," nikamwambia, "ukiyauza leo, mvunja amri ni wewe." Akanyamaza, akaketi.

Basi, ndugu msomaji, tulifahamu jambo hili. Zuio la muda ni kama kumfunga mtini mbuzi anayegombewa, asichinjwe wala asiuzwe, wakati wazee wanamtafuta mwenyewe. Mti haumpi mtu mbuzi.

Tangu kesi ya Atilio na Mbowe, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 1969, mahakama zetu hupima mambo matatu. Kwanza, je, liko dai la kweli, lenye dalili ya kushinda? Pili, je, pasipo zuio mwombaji atapata hasara isiyoponyeka? Tatu, nani ataumia zaidi: mwombaji akinyimwa, au mwenzake akizuiwa?

Jambo la pili ndilo gumu kwa muuza vifaa vya ujenzi. Saruji, mabati, mchanga na matofali vina bei. Mwenzako atasema, "Hata nikishindwa, nitalipa fedha." Hapo hakimu aweza kuliondoa zuio, nawe ukabaki kudai fedha zako katika kesi yenyewe. Tena zuio lina mwisho. Sheria ya Mwenendo wa Madai yaruhusu miezi 6, na hata likiongezwa, jumla isizidi mwaka 1. Mwenye kulivunja aweza kukamatiwa mali, hata kufungwa.

Mzee alikwenda kumwambia yule mnunuzi asubiri. Kisha tukakusanya mkataba, hati za kupokelea mizigo, na majina ya waliohesabu matofali. Hati mbili hazikuwa na sahihi ya kontrakta. Hizo ndizo zilizomnyima mzee usingizi.

Nawe unayepeleka mchanga au mawe kwa mkokoteni, usiondoke kabla mpokeaji hajatia sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ni mimi,
Karani wa Parokia, Iguguno