Kompyuta Zetu Hazisalimiani

Barabara ya kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba ina lami sasa. Lakini mgonjwa anayepewa rufaa kutoka Koboko kwenda hospitali ya rufaa jijini Arua mara nyingi bado hubeba historia ya ugonjwa wake mkononi, ndani ya daftari la shule. Likilowa mvua kwenye bodaboda, daktari anaanza upya: ulipewa dawa gani, lini, kiasi gani? Mgonjwa akiwa amezidiwa, nani atajibu? Nasema wazi kwamba hii ni aibu, na kwamba kisingizio cha uhaba wa kompyuta hakitoshi.

Tangu 2012 Uganda inakusanya takwimu za afya za wilaya kwa mfumo wa DHIS2, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo. Mfumo huo una mlango ambao programu nyingine inaweza kubisha na kukabidhi takwimu kwa XML, bila karani kuzinakili upya. Kwa hiyo idadi ya wagonjwa wa malaria wa Koboko husafiri hadi Kampala. Aliyesahauliwa ni mgonjwa mwenyewe.

Wapo wanaosema dawa ni kununua mfumo mmoja mkubwa kwa hospitali zote. Nawapinga. Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki ilipoanza 2014, Kenya ilikuwa na Simba, Tanzania TANCIS, Uganda ASYCUDA World. Nchi hizo hazikusubiri kuwa na mfumo mmoja; mifumo iliunganishwa ipelekeane taarifa za mizigo. Ndivyo tunavyoishi hata sokoni Arua: Mlugbara, Mkakwa na Mkongomani wa Aru hawaachi lugha zao nyumbani milele, wanakutana kwa Kiswahili, wanapatana bei, kila mtu anarudi kwake.

XML, iliyotolewa na shirika la W3C mwaka 1998, ni lugha ya sokoni ya aina hiyo. Siri yake ni ndogo: kila taarifa hubeba jina lake. Ukipokea tarakimu 9 tupu kwenye nafasi ya umri, je, ni mtoto wa miezi 9 au wa miaka 9? Kwa anayepima dawa, hilo si swali la darasani. Na 03/04/2001, ni Aprili au Machi? Pande mbili zikiandikiana mkataba, yaani skima, tarehe itakuwa 2001-04-03 na umri utataja kama ni miezi au miaka. Ujumbe unaovunja mkataba hukataliwa mlangoni, kabla haujamfikia daktari. Huduma ya wavuti ndiyo mlango huo. Programu moja inaomba, nyingine inajibu. Kama moja imeandikwa kwa Java na nyingine kwa PHP, haidhuru.

Wenzangu darasani hucheka: XML ni ya wazee, siku hizi ni JSON. Haya, tumieni JSON. DHIS2 yenyewe inapokea zote mbili. Sigombanii bahasha. Ninachogombania ni hizi kazi zetu za kumaliza chuo, zenye vitufe vya rangi na picha za kuvutia, lakini hazina hata ukurasa mmoja unaoeleza programu nyingine itaombaje taarifa. Tunajenga nyumba zisizo na milango halafu tunapewa alama za juu!

Hoja moja naiheshimu, nayo ni ya siri. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, au mkimbizi wa Lobule, ana haki ya kuogopa kwamba mlango ukifunguliwa na mwizi ataingia. Ila mlango wa huduma ya wavuti unaweza kudai kitambulisho, kufunga ujumbe kwa msimbo wa siri, na kuandika nani aliingia saa ngapi. Daftari je? Linasomwa na yeyote aliyebanana nawe kwenye teksi ya Arua.

Basi wilaya inapotaka kununua programu ya hospitali, imuulize muuzaji kabla ya kufika kwenye bei: skima yako iko wapi, na nani anaweza kuisoma bila kukulipa? Asiye na jibu arudi nayo alikotoka.