Muuguzi wa wagonjwa wa akili hatengenezwi kwa semina ya siku 5

GOMA – Vita ikilipuka, mashirika yanaleta hema, unga, maharagi na mabidoni ya maji. Hiyo ni vizuri. Lakini kuhusu akili za watu, mara nyingi dawa inayotolewa ni moja: wauguzi wachache wanaitwa kwenye hoteli, wanapewa semina ya siku 5, daftari na cheti. Tangu hapo, mutu aliyezoea kupima malaria anatazamiwa aponyeshe mama aliyeona watoto wake wakiuawa. Huko ni kumuonea muuguzi, na ni kumudanganya mugonjwa.

Muji huu haukuanza kuteseka jana. Lava ya Nyiragongo ilipita katikati yake Januari 2002, volkano ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Tarehe 3 Mei 2024, mabomu yaliangukia kambi za wahami upande wa Lac Vert na Mugunga. Mwisho wa Januari 2025 mapigano yaliingia ndani ya muji, na wiki zilizofuata wahami wa Bulengo na Lushagala waliambiwa waondoke, hata wale ambao nyumba zao huko vijijini zilikuwa majivu. Shirika la afya duniani, OMS, linasema kwamba pahali pa vita mutu 1 kati ya 5 ana ugonjwa wa akili. Kila familia ihesabu watu wake.

Goma kuna kituo cha Tulizo Letu, cha mabruda wa Frères de la Charité. Kituo kimoja hakiwezi kufuata kila mugonjwa mpaka Rutshuru, Masisi na Nyiragongo. Ndiyo sababu anahitajika muuguzi aliyesomea kazi hii kabisa, akae karibu na watu.

Kazi yake si kuchoma sindano ya usingizi tu. Anatofautisha kifafa na huzuni kali, na mutu anayesikia sauti na yule ambaye malaria imepanda kichwani. Anajua dawa ikikakamaza shingo ama kutetemesha mikono afanye nini, mbele familia haijaitupa. Anajua kumuuliza mutu wazi kama anafikiri kujiua, na kukaa kimya akisikiliza jibu. Anafundisha familia kufungua kamba. Mambo hayo yanajifunzwa kwa miezi mingi karibu na wagonjwa, chini ya macho ya mutu anayeyajua.

Inchi zingine zilifahamu zamani. Marekani, Hildegard Peplau alianzisha mwaka 1954 masomo ya juu ya wauguzi bingwa wa magonjwa ya akili kwenye chuo kikuu cha Rutgers. Karibu yetu, Uganda ina shule ya uuguzi huu Butabika, Tanzania inafundisha Mirembe, Dodoma. Kwa nini Kongo, yenye vita ya miaka 30, ifikiri kwamba cheti cha siku 5 kinatosha?

Shida ingine ni ngazi. Huku kwetu muuguzi anajulikana kwa A2, A1 ama A0, ni kusema kwa miaka ya shule. Miaka 10 ya kukaa na wagonjwa wa akili inamuongezea nini? Wengi hawako hata kwenye orodha ya mushahara wa serikali, wanaishi kwa pesa ya wagonjwa, na familia ya mugonjwa wa akili mara nyingi haina kitu. Juu ya hiyo, wenzake wanamucheka eti ni muganga wa wenda wazimu. Shirika likimupa kazi ya ofisi, anaenda. Nani atamulaumu?

Kuna wanaosema: watu wale kwanza, akili baadaye. Lakini baba asiyelala usingizi miezi mitatu hawezi kulima, na mama aliyevunjika moyo anaacha kunyonyesha. Chakula na akili vinaenda pamoja. Wengine wanasema maombi yanatosha. Waombe, hakuna anayekataza. Lakini mutu afungwe minyororo kwenye chumba cha maombi, huku dawa ya kifafa ipo, ile si imani.

Basi yafanyike mambo matatu. ISTM na shule zingine za uuguzi ziwapeleke wanafunzi kufanya miezi, si siku, karibu na wagonjwa wa akili. Wizara ya afya iitambue kazi hii kama ubingwa, wenye daraja na mushahara wake. Na mashirika yachukue pesa ya hoteli, yalipe masomo ya muuguzi mumoja kwa kila kituo kikubwa cha afya, pamoja na dawa zisizokatika mradi ukifika mwisho.

Na familia, wakati mungali munangoja: musimufiche mugonjwa wenu, musimufunge. Mumupeleke kwenye kituo cha afya, na muulize kwa sauti: hapa nani alisomea magonjwa ya akili? Ulizo hilo likiulizwa kila siku, mwishowe wakubwa watatafuta jibu.